Mabakuli Matupu ya Jemadari Iwao

"Weka chini! Mzee Ushida, nimesema weka chini hilo bakuli!"

Chinatsu alikuwa amelalia tumbo juu ya kaunta, mkono umeng'ang'ania ukingo mmoja wa bakuli, na Ushida kaushika ukingo wa pili kwa mikono yote miwili, wanavutana kama watoto wawili na mwanasesere mmoja.

"Lakini mwanangu, yamebaki mafunda mawili tu."

"Hayo hayo! Hayo mafunda yenu mawili mawili ndiyo yanayonimaliza mimi!"

"Sasa niiache supu ya Jemadari bakulini? Miaka thelathini na tatu nakula hapa, sijawahi kubakiza hata siku moja."

"Ni chumvi tupu!"

"Najua ni chumvi tupu," akasema Ushida, na macho yakamjaa machozi, sijui ya aibu au ya chumvi yenyewe. "Ndiyo maana nataka niimalize haraka."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika, mwezi wa pili, theluji imefika madirishani, katika kijiduka cha rameni na mishikaki ya kuku cha mtaani kwetu hapa Sakata: mtoto wa mwenye duka anawapiga wateja marufuku kunywa supu waliyouziwa. Duka lenyewe lina viti tisa, na ukitaka kukaa cha tisa lazima wa nane asimame kwanza akupishe. Mchana zinauzwa tambi za supu, jioni inachomwa mishikaki. Katikati, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, pazia la mlangoni huingizwa ndani, maana yake duka limefungwa, isipokuwa kwa sisi ambao tumekaa humo muda mrefu mpaka hakuna anayekumbuka kututoa.

Saa hizo mwenye duka huwa kwenye bafu la mtaa, kajiloweka. Anarudi saa kumi na nusu, mwekundu kama pweza aliyechemshwa. Jina lake ni Iwao. Tunamwita Jemadari kwa sababu husimama mbele ya moto mikono kaikunja, kitambaa kakikaza kichwani, na wapishi wa namna hiyo huku kwetu kila mtu huwaita hivyo, hata kama maishani mwao hawajawahi kumshinda paka.

Siku hiyo tulikuwa watatu. Ushida, dereva wa teksi aliyestaafu. Bi Kazuyo, kinyozi wa pale kona, ambaye akikuangalia huangalii macho yake unaangalia mkasi. Na mimi, Bibi Tome, kwenye kiti changu karibu na jiko la mkaa, mahali ambapo mgongo unapata joto na masikio yanapata kila kitu.

"Jamani, nisikilizeni," Chinatsu akasema. Alikuwa ameshinda ule mvutano, bakuli la Ushida kalikumbatia kifuani kama kuku aliyeibwa. "Kesho kutwa baba anakwenda kupasuliwa goti. Hatarudi jikoni mpaka theluji iishe. Leo saa kumi na moja, kabla hatujafungua, atanipimisha mama wa supu."

Mama wa supu ndilo jina tulilolipa lile rojo jeusi linalokaa kwenye mtungi: sosi ya soya iliyochemshwa na mwani na samaki wa kuruka waliokaushwa. Upawa mmoja unatangulia chini ya bakuli, halafu ndiyo supu ya mifupa inamiminwa juu. Mifupa ni mifupa tu, kila mtu anayo. Ladha ya duka iko mle mtungini.

"Atanipimisha," Chinatsu akaendelea, "nitaandika, halafu tutapanda juu, nitapiga magoti mbele ya picha ya mama na kuapa kwamba sitaongeza wala kupunguza tone. Mkishanisikia nimeapa, basi. Nitapika maji ya bahari mpaka nizeeke."

"Si uape tu," akasema Bi Kazuyo. "Akishaondoka unapunguza. Nani atajua?"

"Mama atajua."

"Mama yako amefariki, mwanangu."

"Ndiyo maana. Angekuwa hai ningemdanganya kama kawaida."

"Basi mwambie baba yako!"

"Nimemwambia mara nne tangu mwaka mpya! Kila nikimwambia ananishika mabega, ananigeuza, ananionyesha pale."

Akanyoosha kidole kwenye ubao ulioinuka mbele ya kaunta. Sisi mtu akimaliza kula huliinua bakuli lake akaliweka pale juu, mpishi alione mpaka chini. Ni asante yetu, na haigharimu kitu.

"'Wewe unasema ina chumvi,' ananiambia. 'Haya, tazama chini ya hayo mabakuli.' Natazama. Meupe! Mmeyalamba! Mzee Ushida hata kipande cha kitunguu anakifukuzia na kijiti mpaka akipate! Sasa mimi niseme nini? Mimi mtoto, nyinyi mashahidi thelathini kwa siku!"

Tukainamisha vichwa. Maana kweli supu ilikuwa haifai. Mimi sizidishi mambo, iliyozidishwa ni supu. Mwezi wa kumi na mbili nilibeba kibakuli kupeleka nyumbani, kikaniponyoka mlangoni. Theluji ikayeyuka mpaka kwa jirani, ikayeyuka kwa jirani wa jirani, na asubuhi yake wakaja watu watatu wa manispaa na kofia zao kuniuliza nimetumia dawa gani, nao wanataka lori zima kwa ajili ya barabara ya stesheni.

"Walikuwa wawili," akasema Ushida, nilipowakumbusha.

"Wa tatu alibaki kwenye gari."

"Bibi Tome!" Chinatsu akafoka. "Si sasa!"

Mtu wa mbali atauliza: mliwezaje kunywa kitu hicho mwaka mzima na zaidi? Nitamjibu. Sisi watu wa huku tunatia chumvi mpaka kwenye vitu vilivyokwisha kutiwa chumvi. Baridi ni miezi mitano, mboga zote zimetoka pipani, na mzee wetu akienda kwa daktari akaambiwa damu yake iko juu, hurudi akijisifu iko juu kiasi gani. Kwa hiyo mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Tulipokuja kuona, tulikuwa tumeshamaliza mabakuli mengi mno, na mtu aliyemaliza mia tatu atasimama vipi kulalamikia la mia tatu na moja?

"Leo mtabakiza," Chinatsu akasema, sasa sauti imeshuka, na sauti yake ikishuka ndiyo ya kuogopa. "Wote watatu. Nusu bakuli. Baba akiingia akute supu imelala. Nawaomba. Kwa mara ya kwanza maishani mwenu mbakize."

"Sawa," akasema Ushida.

"Sawa," akasema Bi Kazuyo.

"Bi Kazuyo, la kwako liko wapi?"

Bi Kazuyo akatazama mbele yake. Hakukuwa na kitu. Sote tukatazama ubaoni. Bakuli lake lilikuwa limeshapanda huko juu, jeupe, linametameta.

"Nilikuwa nawasikiliza mnavyogombana," akasema, "nikajisahau."

Chinatsu akapiga paji la uso kwenye nguzo. Taratibu, mara tatu. Mimi nikaona hapa nisipofungua mdomo mtoto atavunja nyumba.

"Hata msingemaliza," nikasema, "isingesaidia kitu. Mkibakiza ataongeza chumvi."

"Kwa nini aongeze? Ataonja, ataona."

"Hataonja."

"Mpishi gani asiyeonja?"

"Baba yako."

Sasa, nilimwapia Sayo, mke wa Jemadari, mama yake huyu Chinatsu, kwamba neno hili halitanitoka. Aliniapisha tukianika figili chini ya upenu, mwaka ule Chinatsu alipoanza shule. Nimeapa mambo mengi maishani na mengi nimeyavunja, lakini hili nilikuwa nimelitunza vizuri. Siku hiyo nikalitoa.

Iwao alipelekwa Niigata akiwa na miaka kumi na mitano, kwa mpishi mmoja ambaye alikuwa anafundisha kwa upawa, na hasemi, anapiga. Wavulana wa jikoni walikuwa hawaruhusiwi kuonja chungu chake. Walikuwa wakisubiri kuosha vyombo ili walambe kilichobaki, waibe ladha. Mpishi akajua, akawa anamwaga sabuni kwenye kila sufuria kabla haijafika kwenye beseni. Iwao mwaka mzima alionja sabuni. Basi asubuhi moja, jikoni yuko peke yake, akachota upawa mzima moja kwa moja kutoka kwenye chungu kinachotokota, mafuta ya nguruwe yanaelea juu kidole kizima. Alipoutia mdomoni, mlango ukafunguliwa. Mpishi mwenyewe. Mtu mwingine angetema. Iwao aliinama, akasalimia, na mpishi alipomuuliza kama mkaa umefika, akaitikia kwa pua, mdomo umefungwa, mafuta yanachemka humo ndani kama wanakaanga kamba. Mpishi akauliza la pili. Akaitikia tena. La tatu. Wengine watasema naongeza. Haya, labda yalikuwa maswali mawili.

Toka siku hiyo ulimi wake ni ngozi ya kiatu. Moto anaujua, baridi anaijua, sukari akitiwa kiganja kizima anaihisi. Chumvi, hapana.

Chinatsu alikuwa ameketi juu ya kreti la bia.

"Alirudi hapa na mikono ya dhahabu," nikamwambia, "na ulimi wa kuni. Tambi anakata kama mashine, mshikaki anaugeuza kwa kusikia mlio wa mafuta tu. Lakini duka hakuthubutu kufungua. Akawa anapaka rangi mapaa ya bati. Ndipo akamwona mama yako kule kiwanda cha sosi ya soya, anaosha mapipa. Sayo alikuwa akitia kidole, akilamba, anakwambia pipa hili ni la mwaka gani na aliyelikoroga alikuwa amegombana na mkewe."

"Hilo la kugombana umeongeza," akasema Ushida.

"Hilo ndilo la kweli kuliko yote. Aliyelikoroga ni kaka yangu."

Basi waliposhika duka hili, kila alfajiri Jemadari alichemsha, Sayo alionja. Dirisha la jiko langu na la kwao yanatazamana, katikati anapita paka tu, akiwa mwembamba. Miaka arobaini na mmoja nimeamka kwa sauti hiyo. Kijiko kinagonga mtungi. "Bado." Kimya. Kijiko kinagonga. "Bado." Kimya. "Haya." Likishatoka lile haya, naweka birika langu motoni.

"Kwa hiyo hajawahi..." Chinatsu akasema.

"Hajawahi."

"Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampikia mayai ya sukari. Alikuwa anasema matamu. Siku moja nilitia chumvi badala ya sukari, akala yote, akasema matamu."

"Alikuwa anakuangalia uso, mwanangu. Akiona unacheka, yalikuwa matamu."

Mkaa ukapasuka jikoni. Bi Kazuyo akatoa leso, akaikunja, akairudisha, kwa sababu kulia mbele ya watu hajazoea.

"Sasa sikilizeni ubaya wetu," nikasema, maana nilikuwa sijamaliza, na hasira nayo ilikuwa imeshanipanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo haina pa kwenda. "Sayo alipofariki, siku arobaini na tisa za matanga zikaisha, Jemadari akafungua duka. Sote tukaja. Mnakumbuka? Supu siku hiyo ilikuwa sawasawa, ni ile ile aliyoiacha Sayo mtungini. Lakini nani aliweza kumeza? Tulikuwa tunamwona yule mtu peke yake nyuma ya kaunta, anageuka kando kuongea na mtu asiyekuwepo. Tukabakiza. Sote. Tisa kati ya tisa, nusu bakuli."

"Nilibakiza," akasema Ushida polepole. "Kumbe niliwahi kubakiza."

"Yeye aliona nini? Hakuona huzuni. Aliona supu imekataliwa. Akadhani haina ladha. Akaongeza upawa wa chumvi. Kesho yake sisi tumerudi, tumeona haya kwa kumvunja moyo, tukasema leo hata iweje tunamaliza. Tukamaliza. Akatazama mabakuli, akaitikia kwa kichwa: kumbe ndivyo. Siku ya kumbukumbu ya mwaka, tukabakiza tena. Akaongeza tena. Tukaona haya tena. Tukamaliza tena. Mtungi ule tumeutia chumvi sisi, jamani. Upawa kwa upawa. Yeye alikuwa ameshika mpini tu."

Ushida alikuwa anahesabu kwa vidole kitu ambacho hakihesabiki.

"Kwa hiyo nikinywa, namharibia."

"Ndiyo."

"Na nisiponywa, namharibia zaidi."

"Ndiyo."

"Basi nipeni bakuli langu."

"Hupati!" Chinatsu akalimwaga kwenye sinki lote, na Ushida akatoa mlio kama mtu aliyeona mtoto akianguka ngazini. "Basi yamebaki maneno. Mtu afungue mdomo amwambie. Si mimi, mimi ameshazoea kutonisikia. Mteja. Mteja mmoja tu aseme, 'Jemadari, ina chumvi.' Maneno matatu! Bi Kazuyo."

"Mimi?" Bi Kazuyo akajishika kifuani. "Mwanangu, mimi ni kinyozi. Miaka thelathini sijamwambia mtu hata mmoja kwamba anapata upara. Nawaambia taa ya dukani ndiyo kali. Kazi yangu yote ni kutosema."

"Mzee Ushida."

"Mimi niliwahi kumpeleka abiria mpaka Akita," akasema Ushida.

"Akita inahusu nini hapa?"

"Alisema jina la mahali, sikulisikia vizuri. Niliona haya kumuuliza mara ya pili. Yeye akaona njia siyo, akaona haya kunisahihisha. Tulikwenda kilomita mia moja. Akalipa, akanishukuru, akashuka. Sijui mpaka leo alikuwa anakwenda wapi. Sasa mtu kama mimi ndiye umtume?"

"Bibi Tome!"

"Nilishamwambia," nikasema.

"Lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili. Siku ile walipokuja watu wa manispaa. Nilikuja moja kwa moja nikamwambia, Iwao, supu yako imeyeyusha mtaa, manispaa wanataka lori. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akanipa mishikaki miwili ya maini bure."

"Bibi, kwa nini hukusema tu ina chumvi?"

Hilo swali lilinichoma, na linanichoma hadi leo. Nimesema uongo mtamu miaka themanini katika mtaa huu, na watu wameupokea, wameucheka, wamenilipa kwa chai na mishikaki. Siku nilipokuwa na jambo la kweli mkononi, sikuwa na pa kulitilia ila kwenye kile kile kikapu. Na mtu akapokea kikapu, akacheka.

Saa ya ukutani ikasema saa kumi kamili.

"Tutafanya mazoezi," akasema Chinatsu.

Akachukua kitambaa cha baba yake msumarini, akajifunga kichwani, akakaza. Akasimama mbele ya moto, akakunja mikono. Nakwambia nilishtuka. Kidevu kile kile. Ule uso wa mtu anayesubiri kupigwa na hataki ujue.

"Mimi ndiye Jemadari. Nimetoka bafuni. Bi Kazuyo, anza."

Bi Kazuyo akasimama, akanyoosha sketi. "Jemadari," akasema.

"Naam."

"Jemadari, goti linaendeleaje?"

"Bi Kazuyo!"

"Naanza kwa mbali! Mtu humwingii hivi hivi kama mwizi! Haya. Jemadari, hii supu..." Akainua macho juu. "Hii supu, taa ya humu ndani ni kali sana."

"Kaa chini. Mzee Ushida."

Ushida alivua kofia. Alisimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. "Jemadari. Supu ya siku hizi ina... ina nguvu."

"Asante, Mzee Ushida. Nitaongeza."

"Hapana! Usiongeze! Ina nguvu ya kutosha. Ina nguvu nyingi. Mtu akinywa anajisikia... ana kiu ya maendeleo."

"Kiu ya nini?"

"Sijui! Nisamehe!" Akakaa, jasho linamtiririka, na nje theluji inaanguka.

"Wewe unamwomba msamaha binti aliyevaa kitambaa," nikamwambia. "Akija mwenyewe si utajinyonga?"

"Haya wewe! Wewe mwenye mdomo! Simama basi!"

Nikasimama. Nikamtazama Chinatsu usoni, chini ya kile kitambaa, nikajiambia, Tome, maneno matatu tu, wala usipambe.

"Iwao, mwanangu. Supu yako ina chumvi."

"Hilo!" Chinatsu akaruka. "Hilo hilo, Bibi! Endelea!"

"Ina chumvi sana."

"Endelea!"

"Ina chumvi mpaka juzi mfereji wa duka lako ulipomwaga baharini, nyangumi watatu wakaja ufukweni kulalamika, na mmoja alikuwa na barua..."

"Bibi!"

"Imenitoka yenyewe!"

Na kweli ilinitoka yenyewe. Nilitaka kulia. Nilikaa kitini nikajipiga paja kwa ngumi. Bi Kazuyo alikuwa ameanza kucheka kile kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, kinachokatikakatika kama injini asubuhi ya baridi, na Chinatsu alipomwona anacheka, uso ukamvunjika. Akakaa chini kabisa, sakafuni, nyuma ya kaunta, tukawa hatumwoni. Tukasikia sauti tu.

"Nilikuwa na kazi yangu Sendai," ile sauti ikasema. "Nimeiacha. Nimekuja kwa sababu mama aliniambia, supu hii ikifa na baba yako atakufa. Sasa nitaapa nini saa kumi na moja? Nitaapa kuitunza nini? Wateja wapya wanakuja mara moja, hawarudi, baba anasema vijana wa siku hizi hawajui kula. Mtabaki nyinyi. Mtakunywa mpaka mmoja aanguke hapa hapa kwa shinikizo la damu, na mwenzake atammalizia bakuli ili Jemadari asijisikie vibaya."

Mimi nilikuwa nimeshamwona mwenyewe Ushida akimmalizia Bi Kazuyo.

"Inuka, mwanangu," akasema Bi Kazuyo. "Sakafu ina baridi."

"Siinuki."

"Utaumwa."

"Niumwe! Nikaugue na mimi, tulazwe wodi moja na baba!"

Akainuka lakini, kwa sababu sakafu ilikuwa na baridi kweli. Kitambaa kilikuwa kimemshuka mpaka kwenye nyusi, pua nyekundu, macho mekundu. Akarudi kusimama mbele ya moto, akakunja mikono tena. Sidhani alikuwa bado anafanya mazoezi. Alikuwa amesimama tu, hana pengine pa kusimama. Na kwa muda ule mfupi hakuwa anamwigiza baba yake. Alikuwa ni baba yake, siku ile alipofungua duka baada ya siku arobaini na tisa.

Nadhani Ushida naye aliona. Maana nilisikia kiti chake kikianguka.

"Chumvi!" akasema.

Kwanza kwa sauti ndogo. Halafu akapiga kaunta kwa kiganja, vijiti vikaruka kwenye kopo lake.

"Ni chumvi, Jemadari! Supu yako ni chumvi tupu! Imekuwa chumvi tupu mwaka mzima! Nikitoka hapa nakunywa maji mpaka mke wangu ananiuliza kama nimemeza sponji! Daktari amenikataza, nimemdanganya daktari! Nimemdanganya kila mtu!"

"Ushida," nikamwita. Nilikuwa nimehisi baridi shingoni.

"Niache, Bibi, imekuja, usinikatize!" Alikuwa amefumba macho, huyu mtu ambaye alikwenda Akita kwa aibu, kafumba macho, mishipa ya shingo imemsimama. "Huonji, Jemadari! Hujui! Aliyekuwa anajua ni Sayo, na Sayo hayupo, na sisi tumekuwa tunakunywea uongo kila siku ya Mungu kwa sababu tulikuwa hatuwezi kukutazama! Usimwapishe mtoto chumvi yetu! Ulimi wa mama yake anao huyo, ndiye peke yake aliyekwambia, mara nne amekwambia! Mpe kijiko! Mwache yeye aonje, akwambie bado, akwambie..."

Bi Kazuyo alimvuta koti. Akalivuta tena. Ushida akafumbua macho, akamwona Chinatsu hamtazami yeye. Anatazama juu ya bega lake, kule nyuma.

Tukageuka.

Jemadari alikuwa amesimama kizingitini, taulo shingoni, beseni la bafuni mkononi, mvuke unamtoka kichwani. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na ulikuwa wazi muda wa kutosha, maana theluji ilikuwa imeshafanya kilima kidogo sakafuni, kuzunguka viatu vyake.